Jiwe la Kugongea Riale

Mwanangu Zaituni,

Barua hii usiifungue chomboni. Utatapika, nakujua, bahari ikichafuka kidogo tu wewe huyo kichwa nje. Ifungue ukishafika Ikoni, huko Ngazija, kabla hujavuka kizingiti cha mama mkwe wako. Kaa kwenye baraza ya jirani yeyote, isome mpaka mwisho, ndipo ubishe hodi.

Sasa hivi ni baada ya alasiri na wewe umekwenda kuaga kwa shangazi zako. Ningekwambia haya kwa mdomo ningelia, au ningepiga kelele, na majirani hawa hawastahili kusikia hata kimoja. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika Unguja nilikozaliwa, kabla baba yangu hajaturudisha hapa Nzwani, Mutsamudu, na nyundo zake za usonara. Kifaransa changu ni cha kuitikia salamu tu, na Kinzwani sijapata kukitia kwenye karatasi. Wewe nilikulea kwa Kiswahili hiki ndani ya nyumba, watoto wa mtaani wakikucheka. Leo kitakufaa.

Sitakwambia uvae nini wala upike nini. Una akili zako, na mumeo anakula chochote mradi kiwe na pilipili. Nataka kusema habari ya riale, na kwanza nataka kusema kwamba nina hasira.

Nina hasira, mwanangu! Hata kalamu inanitobolea karatasi. Kwetu mwanamke hahami. Nyumba hii ni yako tangu ulipozaliwa. Baba yako, Mungu amrehemu, alianza kukusanya mawe yake ungali unanyonya. Mume ndiye anayekuja na sanduku lake akaambiwa karibu. Hata kwao Ngazija ni hivyo hivyo. Sasa nani kaona wapi mke kufunga sanduku kumfuata mume aliyetolewa ndani ya nyumba ya mkewe? Aibu hiyo si yako na wala si ya mumeo Abdu. Ni ya waliomtoa. Na sehemu yake, Zaituni, ni yangu.

Unakumbuka siku ya harusi yako, lakini wewe ulikuwa chumbani umepakwa liwa mpaka kope, huwezi kucheka wala kukohoa. Ulisikia kelele tu. Mimi nilikuwa mlangoni.

Unajua desturi ya mtaa wetu. Mama wa bwana harusi analeta riale za fedha kwenye sinia, zimefunikwa kitambaa, na mama wa bibi harusi anachukua moja na kuigonga juu ya jiwe mbele ya wanawake. Riale ikilia, vigelegele. Kwetu jiwe ni lile jeusi la baba yangu, alilogongea fedha za watu Unguja na hapa, na mimi nimekaa nalo kwa kiburi miaka yote kana kwamba nililizaa.

Basi akaja Bi Eshati, mama yake Abdu, na wanawake wake wa Ikoni, wamechoka na safari, buibui zimejaa chumvi. Akafunua sinia. Riale zile zile zenye sura ya yule malkia mwenye kifua kikubwa. Lakini zinang'aa! Mimi nimezoea riale za bibi yako, nyeusi kidogo, sura ya malkia imelika mpaka pua huioni. Nikaiinua moja juu watu waione. Nikasema, "Malkia huyu kafa zamani, mwaka wenyewe huu hapa, elfu moja mia saba na themanini. Na fedha yake inang'aa kama imetoka dukani jana? Hii ni bandia."

Bi Eshati akasema, kwa upole, nasikia sauti yake mpaka leo, "Gonga, dada. Si jiwe lako hilo?"

Na mimi nikamjibu, "Sichoshi jiwe la baba yangu."

Wanawake wa mtaa wetu walicheka, Zaituni. Walishikana mabega wakacheka. Mmoja akapiga kigelegele cha kejeli. Na mimi nikasimama pale na shiromani yangu mpya ya kujitanda, nikajiona mwanamke wa maana, binti wa sonara, haibiwi mtu kama mimi! Bi Eshati akafunika sinia lake. Hakunitukana. Afadhali angenitukana tukamaliza. Alikaa harusi nzima, akala matonge mawili ya pilau kwa adabu, akaondoka na riale zake, na tangu siku ile hajatia mguu Mutsamudu. Harusi yako ikapita bila riale kulia mlangoni. Ulipouliza nilikwambia zimesahauliwa Ikoni. Nilikudanganya.

Halafu Abdu akahamia hapa. Mkwe gani yule! Nilitaka kumchukia nikashindwa. Mwalimu, mshahara haulipwi mwezi baada ya mwezi, na yeye jioni anakaa na kisanduku chake cha sarafu na kioo cha kukuzia, anazitazama kama mtu anayetafuta chawa. Sarafu za ukumbusho za fedha, kila moja ndani ya kikopo chake cha plastiki, kaandikiana na watu wa nchi za mbali mpaka kazipata. Nikamwambia, "Mwalimu, unakusanya fedha isiyonunua hata mkate?" Akacheka. "Mama, mkate ukiliwa umekwisha."

Siku moja akaniomba nimwoneshe riale za bibi yako. Nikamtolea mfuko. Unajua bibi yako hakukubali hata moja itiwe pete ya kuning'inizia, alikuwa akisema fedha iliyochomewa hailii tena. Abdu akazipitisha kwenye kioo moja moja, akanionesha vijishanga vya kwenye bega la malkia na manyoya ya mkia wa yule ndege wa nyuma, kwamba riale hii imepigwa mji huu, na ile mji mwingine. Nikashangaa, miji mingapi? Ndipo akanieleza. Malkia alipokufa, watu wa Uarabuni na Uhabeshi na pwani zetu hizi walikataa fedha nyingine yoyote. Wanamtaka mama huyu huyu, na mwaka huu huu. Basi Wazungu wakaendelea kuipiga upya, sura ile ile na mwaka ule ule, mpaka juzi juzi hapa. "Hata hizi za bibi," akasema, "nyingi zimepigwa malkia akiwa keshaoza."

"Usinitukanie mama yangu!"

"Si tusi, mama. Fedha ni ile ile na uzito ni ule ule. Mji tu ndio mwingine."

Kumbe zile za Ikoni zilikuwa mpya tu! Mpya na halali. Baba yangu alikuwa akiziyeyusha kila siku na hakupata kuniambia, au mimi sikupata kumuuliza, kwa sababu nilikuwa najua kila kitu. Abdu hakulitaja sinia la mama yake. Angeweza, mlango ulikuwa wazi kabisa. Akazirudisha riale mfukoni, akafunga kamba, akaniuliza kama kuna chai.

Pale pale ningepeleka salamu Ikoni. Chombo kilikuwa kinakwenda kila wiki, wakati huo hakuna vikwazo vya Moroni wala kamati. Nikasema nitampelekea maneno kwenye Idi. Idi ikaja nikasema ngoja mpate mtoto, nitaanzia hapo. Neno moja tu, nimekosa, lilikaa kooni kama mwiba wa samaki, na mimi nikalimeza na wali.

Badala yake nikaona nimfurahishe mwanawe. Hii unaijua, na mkiikumbuka mtacheka wote wawili. Nilichukua ile sarafu yake kubwa ya ukumbusho wa uhuru, ya mwezi na nyota nne za bendera ya visiwa vyetu vinne, nikaitoa kwenye kikopo. Nikaona uso wake umekaa kama kioo, una alama za vidole. Nikaisugua kwa jivu na ndimu mpaka ikawa nyeupe pe. Kisha nikaipeleka kwa sonara aichomee pete, nikakuvisha wewe shingoni. Abdu alipoiona! Midomo ilikwenda huku na huku kama mtu anayetafuta sala. Baadaye niliambiwa sarafu ya namna ile haiguswi hata kwa kidole, na mimi nimeitia jivu la vifuu. Akakaa chini, akaitazama shingoni kwako, akasema, "Basi. Hii sasa imeolewa." Mpaka leo hajapata kunilaumu.

Mtu huyo ndiye waliyemfukuza.

Nisikilize, Zaituni, mimi si mjinga. Najua Moroni wametufanyia nini. Walimu hawalipwi, hospitali haina dawa, kila kitu kinakwenda Moroni na kinaishia Moroni. Watu wa Nzwani walipoanza kulalamika nami nilitoka nikapiga makopo na wenzangu. Lakini kutoka kwenye mshahara mpaka kwenye kujitenga, mpaka kwenye nani Mnzwani halisi na nani si halisi, nani alituvusha huko? Na wale waliopandisha bendera ya Mfaransa, eti aje atutawale tena! Mfaransa mwenyewe alikataa, Alhamdulillahi, aibu tupu. Mimi mwenyewe Unguja niliitwa Mngazija, hawajui hata Nzwani iko wapi. Kuja hapa nikaitwa Mzanzibari. Nimeishi katika vichochoro hivi mpaka nimeota mvi, na mwaka huu kuna kijana, meno ya juu hayajatimia, kaniuliza kwa nini natamka maneno kigeni. Ala! Nimemwogesha mama yake huyo alipozaa!

Siku walipokuja kumtoa Abdu, wewe ulikuwa juu unamfungia nguo, hukuyasikia yaliyosemwa mlangoni. Ndiyo ninayotaka uyajue.

Waliongozwa na Nasuri. Ndiyo, Nasuri mshona kofia, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyekula pilau ya harusi yako sahani mbili na akatumiwa ya tatu nyumbani. Sasa ni mtu wa kamati ya hao wanaotaka tujitenge. Nikasimama mlangoni, nikatanua mikono. Nikamwambia, "Nasuri, huyu ni mume wa mwanangu. Kaingia nyumba hii kwa Fatiha. Utapita juu yangu."

Akanitazama, na alitabasamu, Zaituni. Akasema, "Mama Zaituni, wewe mwenyewe ndiye uliyesema. Mbele ya watu wote, kwenye mlango huu huu. Watu wa Ngazija fedha yao bandia, hawafai hata kugongwa jiweni. Sisi tunakufuata wewe tu."

Mimi! Ulimi hauna mfupa, lakini ule wangu ulikuwa umenivunja miguu. Mikono ikashuka yenyewe, na wakapita. Kwa hiyo usiseme tena kama ulivyosema jana kwamba mama alizidiwa nguvu. Sikuzidiwa nguvu. Niliambiwa maneno yangu mwenyewe.

Yaliyofuata unayajua. Walikifungua kisanduku cha sarafu sakafuni. Nasuri akapiga ukelele, "Nyota nne! Hapa hatutaki nyota nne!" Akazikusanya zote kwa ajili ya kamati, na moja nilimwona kwa macho yangu akiitia mfukoni. Serikali ya Moroni hawaitaki, lakini fedha yake wanaitaka! Iliyopona ni ile niliyoiharibu mimi, kwa sababu ilikuwa shingoni kwako chini ya shiromani. Abdu akashuka kichochoro na sanduku moja, watu wamejibana ukutani kumpisha, na hakuna hata mmoja aliyesema kwaheri mwalimu. Wanafunzi wake walikuwepo.

Na usidhani kule unakokwenda ni malaika watupu. Moroni nao waliwafukuza Wanzwani. Binamu yako Halima alirudi na sufuria haina kifuniko, baada ya kuuza vitambaa katika soko lao toka hajaolewa. Wenye kufanya haya huku na huku ni watu wale wale, wametengwa na maji tu. Wakikutukana njiani, pita. Akutukanaye hakuchagulii tusi. Lakini ukiwasikia watu wa nyumba yenu wanacheka Mnzwani mwingine anatukanwa, hapo usinyamaze. Mimi nilizungukwa na kicheko mlangoni pangu nikakiona kitamu, na ndicho kilichorudi na Nasuri.

Tulipobaki wawili, ulipolala na nguo zako za mchana siku ile, nilitoa riale za bibi yako. Nilitaka nitulie. Nilitaka kusikia kitu cha kweli kinalia. Unajua hazijapata kugongwa? Za watu tulizigonga, zetu nani azigonge? Nikaliweka jiwe sakafuni nikazigonga moja moja, na zote zikalia, sauti ndefu safi. Nikafika kwenye ile ya katikati ya mfuko, iliyofungwa kwenye kitambaa chake peke yake, ile aliyokuwa akiionesha kila mgeni na kusema imetoka kwa mama yake bibi yake. Ile isiyo na pua.

Ikasema, go. Kama kugonga ubao.

Nikarudia. Go. Nikaikwaruza ukingoni kwa kisu, nikaona risasi, kijivu, laini. Nyani haoni kundule! Binti wa sonara! Miaka yote hiyo bandia imelala kwenye kitambaa cha hariri ndani ya nyumba yangu, na mimi namrudisha mama wa watu na fedha yake halali. Nilicheka peke yangu mpaka nikaogopa.

Sasa tuje kwenye safari yako. Abdu kapata kazi ya kufundisha Mvuni, analala kwa mama yake Ikoni, na kaandika "njoo". Barua yake nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo, ninatafuta neno moja. Hakuandika "mama anakungoja". Abdu hasemi uongo, basi kanyamaza. Bi Eshati hajasema atakufungulia mlango. Na kwa nini afungue? Mimi nisingefungua. Utasimama pale na tumbo lako hilo ambalo hujaniambia bado na mimi nimeshaliona, na yule mama ana haki ya kukurudisha kwa maneno yale yale niliyomrudisha nayo.

Ningekuja nawe nianguke miguuni kwake. Lakini Nasuri kauliza mara kadhaa kama nyumba itabaki tupu. Anauliza kwa huruma, masikini, huku anapima madirisha kwa macho. Nikitoka mimi, yeye ataingia. Nyumba ni yako na nitaikalia mpaka urudi, hata wapikie fuvu langu. Huo ndio mchango wangu katika siasa.

Kwa hiyo sikiliza. Ndani ya pindo la shiromani yako ya zamani nimeshona riale zote za bibi yako. Bandarini wanapekua mizigo, lakini mwanamke hawajathubutu kumpapasa, bado. Chini ya kikapu, chini ya ndizi, kuna jiwe. Ndiyo, lile. Ndiyo maana kikapu kilikuwa kizito. Kesho nitakwambia, wakiuliza, useme ni jiwe tu la kusagia liwa. Wanaume hawajui tofauti.

Ukifika, mwombe Bi Eshati awaite wanawake wa mtaa wake. Akikataa kukufungulia, waite wewe, simama nje uwaite, una sauti yangu. Liweke jiwe kwenye kizingiti. Fumua pindo mbele yao, uzimwage riale kwenye sinia, umpe yeye. Sema: "Mama yangu alikataa kugonga za kwenu. Kakuletea zake, na jiwe lake. Anaomba uzigonge wewe, moja baada ya moja, watu wakisikia." Usiongeze neno. Usilie. Usinitetee.

Nilifikiria kumwandikia yeye barua ya kuomba radhi. Nikaona hapana. Mimi sikumwaibisha kwa barua. Nilimwaibisha mlangoni, wanawake wamesimama, na alilipwa kwa kicheko. Naye apate mlango wake na wanawake wake. Wakicheka, wacheke, nimeshakitega kifua.

Zinalia vizuri zote, isipokuwa ile moja. Nimekaa na pindo hilo mkononi tangu adhuhuri. Kuitoa ni rahisi, uzi mmoja tu, na hakuna binadamu ambaye angejua. Nimeiacha pamoja na wenzake. Utaitambua, haina pua. Usiifiche, na usimwashirie kwa jicho. Ngoja aifikie mwenyewe aigonge.

Nasikia sauti yako inapanda kichochoroni, na Nasuri anakusalimu. Mwitikie tu, mwanangu, kesho si mbali. Nakwenda kuinjika chai.

Mama yako.